Kaburi Lililokuwa na Mlango

Mkinikuta siku hizi nimeketi nje ya duka la vifaa vya ujenzi pale Homa Bay, miguu nimeinyoosha mbele yangu, msidhani nangojea kazi. Magoti yamekataa. Fundi wa makaburi hufanya kazi yake yote amepiga magoti, na baada ya miaka thelathini na kitu hata Mungu anakuelewa ukisali umekaa. Mimi ni Mkatoliki, na padri wetu ameshaniruhusu. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, mnaokuja hapa kuuliza bei ya vigae, vuteni hiyo ndoo mkae. Kuna mambo ambayo mwenye duka hatawaambia, kwa sababu yeye anataka mnunue mifuko mingi ya simiti na mwende zenu.

La kwanza ni kusubiri udongo. Udongo wetu mweusi wa huku ziwani mnaujua, ule unaopasuka kiangazi mpaka kuku anapoteza kifaranga. Ukizika mtu leo, udongo huo utaendelea kushuka mpaka mvua ndefu zipite. Nikiwa bado mgeni kazini, familia moja ilinihimiza nipige vigae wiki mbili tu baada ya maziko, nami kwa tamaa ya kusifiwa nikapiga. Vilikuwa vigae vya bluu, vizuri ajabu. Mvua iliponyesha, kaburi likainama upande mmoja, na familia ikasema mzee amegeuka kuangalia nani ameuza ng'ombe wake.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Ojwang', fundi mfupi wa Kendu Bay mwenye sauti ya kuita mashua, hakunigombeza. Alinipeleka kwa ile familia, akaniwekea pima maji juu ya kaburi, akaniamuru niwasomee wote kwa sauti povu limekaa wapi. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, kwa sababu nyanya hakusikia. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa kaburi ambalo halijaonja masika, hata familia ilie machozi.

La pili, jua unachimba wapi. Kule Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, niliitwa kusimamia kaburi la mchimbaji mmoja. Tulipofika futi nne, mjomba wa marehemu akaona kitu kinameta kwenye jembe. Basi! Karai zikatoka sijui wapi, maji yakaletwa, na watu wa matanga wakaanza kuosha udongo wa kaburi huku mhubiri anangoja na Biblia mkononi. Walichimba mpaka shimo likawa refu kuliko ngazi niliyokuja nayo. Hawakupata kitu. Ilibidi nirudishe mawe na udongo chini ndipo jeneza lifikie kina cha kawaida, na mjane akanishukuru kwa kumrudisha mumewe karibu kidogo. Kwa hiyo ukienda Masara, beba ngazi ndefu.

Lakini kosa ninalotaka mlisikie vizuri si la udongo wala la kina. Ni la kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ilikuwa nzuri mpaka nikaibomoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Karibu na Kendu Bay kulikuwa na mwalimu mstaafu wa historia ambaye kila mtu alimwita Japuonj, yaani mwalimu, hata wale ambao hawakukanyaga darasa lake. Mwishoni mwa maisha yake miguu ilimwacha. Hakuweza kufika hata kwenye lango la boma lake. Kijana wake anayefanya kazi Nairobi akamletea mashine ya gemu, akaiunganisha na televisheni chumbani, akamfundisha kushika padi ya kuchezea. Gemu yenyewe ilikuwa ya vita vya kale. Unakuwa askari mwenye upanga, unazunguka nchi ya Uajemi ya zamani, unaua watu na kuparamia mapaa.

Japuonj hakuua mtu. Watoto wake walinisimulia haya wakicheka na kufuta macho. Alimtembeza yule askari barabarani polepole, kama mtu anayekwenda kanisani. Maadui wakitokea, anakimbia. Siku moja kidole kiliteleza, askari akampiga mchunga punda wa watu. Japuonj akaweka padi chini, akasema gemu iishie hapo mpaka kesho, ameona aibu. Na katika kutembea kwake akalifikia kaburi la Mfalme Koreshi, lile la mawe lililoko huko Uajemi mpaka leo. Ni ngazi kubwa sita zinazopanda kama meza zilizopangwa juu ya meza, na juu kabisa kuna nyumba ndogo ya mawe yenye paa la mgongo. Akapapenda mahali hapo. Akawaambia watoto, "Mkinizika, mnijengee kama hii."

Akafa, akazikwa. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, uani. Masika yakapita kama nilivyotaka, ndipo mjane wake akaniita. Tulimwita Min Atieno, mama yake Atieno, mwanamke mrefu wa kanisa la Sabato, mwenye maneno machache na macho mengi.

"Jagedo," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita mjenzi, "unajua kaburi ya Koreshi?"

"Koreshi wa wapi, mama? Wa huku ama wa Karungu?"

"Koreshi wa Biblia."

"Huyo sijamjengea. Lakini hakuna kaburi imewahi kunishinda."

Shida ni kwamba ile mashine kijana alikuwa ameirudisha Nairobi, na Min Atieno hakuwa na picha wala simu ya kupokelea picha. Alinionyesha kwa mikono tu: kuna ngazi, halafu juu kuna kitu. Wazee wa kanisa lake walikwisha kukubali kwa sababu Koreshi anatajwa na nabii Isaya kwa mema. Siku ya ukumbusho ilikuwa imepangwa, Jumapili fulani, na wageni walikwisha kuarifiwa. Nilichohitaji mimi ni vipimo.

Wiki hiyo nilikuwa na kijikazi upande wa Masara, kwa hiyo nikapitia Migori mjini. Nyuma ya kinyozi mmoja kulikuwa na chumba cha gemu, giza tupu, skrini nne, vijana wamejaa kwenye mabenchi. Nikaingia na futi yangu mkononi na penseli sikioni. Mwenye chumba, kijana anayeitwa Stivo, akaniangalia kwa huruma.

"Mzae, umepotea? Kinyozi ni hapo mbele."

"Natafuta kaburi."

Chumba kizima kikanigeukia. Hata waliokuwa wanacheza mpira wa kwenye skrini wakasimamisha.

"Kaburi ya nani, buda?"

"Ya Koreshi. Iko kwa ile gemu ya Uajemi."

Kijana mmoja mwembamba aliyekuwa kwenye skrini ya mwisho akapaza sauti, "Hiyo naijua! Iko kwa ile uwanja kubwa. Kuja, mzae, nikupeleke." Na kweli akanipeleka. Alimpandisha askari farasi, akavuka mto na mashamba, mpaka likatokea. Vijana wangu, nimeona kazi nyingi za mikono ya watu, lakini mbele ya lile kaburi nilivua kofia, ndani ya chumba cha gemu. Mawe makubwa yalivyokaa juu ya mengine, huoni mahali simiti ingeingia. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kujisikia hivyo.

"Mwambie huyo askari asimame karibu na ngazi ya chini," nikamwambia. "Asitikisike."

"Mzae, hapa kuna maadui. Wataniua."

"Wakuue baadaye. Kwanza nipime."

Hapa kuna ufundi, usikilizeni. Ukitaka kujua ukubwa wa kitu kwenye picha, tafuta mtu aliyesimama kando yake. Nilimchukua askari kuwa mwanaume wa futi sita, nikaweka futi yangu kwenye skrini, nikapima yeye ni inchi ngapi, kisha nikapima ngazi. Ngazi ya kwanza ilimfika kifuani. Nikaandika nyuma ya boksi la viatu. Tatizo ni kwamba askari akisimama kupimwa, maadui wanakuja kweli. Yule kijana alikufa mara nne kabla sijamaliza upande wa mashariki. Mara ya tano chumba kizima kilikuwa kimesimama nyuma yangu, wanapiga kelele, "Mlinde mzae! Mlinde mzae amalize!" Stivo mwenyewe akachukua padi akapigana na kikosi kizima huku mimi napima pembe ya paa. Nilipotoka walinipigia makofi. Ndiyo mara pekee watu walinipigia makofi kazini.

Nikagawanya vipimo vyote kwa tatu, maana boma la Japuonj si uwanda wa Uajemi, na nikaanza kujenga. Msingi nikaushindilia kwa mawe na kifusi cha maramu. Zege nikalichanganya simiti moja, mchanga mbili, kokoto tatu, mchanga wa mto uliooshwa, si ule wa ufukweni wenye vipande vya konokono. Kila ngazi nikaifunika magunia na kuimwagia maji asubuhi na jioni siku saba. Wengi wenu mnamwagia siku mbili halafu mnalaumu kiwanda. Jumamosi Min Atieno alinizuia kufanya kazi kwa ajili ya Sabato yake, Jumapili mimi mwenyewe nilikwenda Misa. Hakuna fundi aliyewahi kupumzika kwenye mjengo kama mimi, na bado nilimaliza na siku nyingi mkononi.

Halafu kiburi kikaniingia. Kule kwenye gemu mlango wa ile nyumba ya juu ni uwazi mweusi tu. Mimi nikaona uwazi mtupu ni kazi ya fundi mvivu. Nikaenda kwa mchomeleaji hapa Homa Bay, nikamwambia anitengenezee mlango mdogo wa chuma wenye bawaba, komeo na mahali pa kufuli. Nikaufunga. Ukawa unafungika vizuri, unasema *kach*. Kazi yote nikaipaka rangi ya mawe ya zamani. Watu wa bodaboda wakawa wanasimama barabarani kupiga picha, na kwa siku tatu hivi sikuwa nasalimia mafundi wenzangu isipokuwa kwa kuinua kidevu.

Ndipo akaja Jaduong' Okelo, yaani Mzee Okelo. Alikuwa binamu ya marehemu na mkubwa wa ukoo, mzee mwenye bakora na tumbo, anayejua mila zote na anayejua pia ni boma gani linapika nini siku gani. Alilizunguka kaburi mara tatu. Akapanda ngazi, anahema. Akafungua mlango. Akafunga. *Kach*.

"Odhiambo, omera, ndugu yangu," akaniita. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Si nyumba, jaduong'. Ni kaburi."

"Ina paa?"

"Ndiyo."

"Ina mlango?"

"Ndiyo."

"Inafungwa na kufuli?"

Hapo nikaelewa anakoelekea.

Wale ambao si Wajaluo niwaeleze. Katika boma letu nyumba ni ya mke. Nyumba ya mke wa kwanza, ambaye tunamwita mikayi, hutazama lango. Mwanaume huzikwa upande wa kulia wa nyumba hiyo, ukisimama mlangoni ukiangalia nje. Na upande huohuo ndiko hujengwa nyumba ya mke wa pili, kama yupo. Mwanaume mwenyewe hana nyumba. Ana kibanda chake cha kukaa na wanaume wenzake, tunakiita duol. Kwa hiyo ukisimamisha paa na mlango upande ule, kila anayepita barabarani anasoma jambo moja tu: Japuonj alikuwa na mwanamke mwingine, na sasa ameletwa.

Mimi ni Mjaluo. Mila hiyo naijua kama jina la mama yangu. Ningekuwa najenga kibanda cha mbuzi pale ningeuliza kwanza. Lakini macho yangu yalikuwa Uajemi, na miguu yangu ndiyo ilikuwa Kendu Bay.

Siku ya soko ilipofika, huyo mke wa pili alikuwa tayari na jina. Watu walimchagua mama mmoja wa Homa Bay, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu alilia kwa sauti siku ya maziko. Siku ya soko iliyofuata alikuwa na watoto wawili. Mwenyewe aliposikia alicheka mpaka akaangusha karai la omena, akasema alilia kwa sababu Japuonj alimfundisha mtoto wake bure, na kwamba kama angeolewa na mwalimu asingekuwa anauza omena. Lakini uvumi ukishatoka hauulizi mwenyewe.

Sikuwa naogopa uvumi. Niliogopa chai. Min Atieno aliniletea chai siku mbili bila sukari na bila neno. Siku ya tatu alikaa kwenye kigoda mbele yangu, mikono ameifunga mapajani.

"Jagedo, niambie ukweli. Japuonj alikutuma ujenge hii kitu hivi? Kuna mahali mlikutana akakwambia kitu?"

"Hapana, mama. Hata siku moja."

"Nimekaa na yeye miaka arobaini na moja. Mke mmoja. Walimwambia aongeze, akakataa, mpaka ndugu zake wakamcheka. Sasa watu wanapita kwa lango yangu wakinipa pole ya pili. Na mimi nimeanza kuhesabu siku alikuwa anachelewa kurudi."

Nimefanya makosa mengi, na karibu yote mnaweza kuyacheka. Hili sikulicheka siku ile. Kwa bawaba mbili na komeo nilikuwa nimemfanya mjane amshuku mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

Jumanne kabla ya ukumbusho wazee wakakaa uani. Jaduong' Okelo akasimamisha bakora.

"Kuna njia tatu," akasema. "Ya kwanza, mke atafutwe, aletwe, aingie kwa nyumba yake."

"Aolewe na maiti?" Min Atieno akauliza.

"Mimi sijasema ni rahisi. Nimesema ni njia."

"Ya pili?"

"Ya pili, tuseme hii ni duol ya Japuonj. Mwanaume hakosi duol. Hapo jina lako linabaki safi kabisa, hakuna mke wa pili." Wazee wakaitikia, nami nikavuta pumzi. "Lakini duol inataka moto. Na wanaume wakae hapo jioni. Na chakula itoke kwa mikayi ipelekwe huko."

"Chakula gani?"

"Kuku, samaki. Sisi si wachaguzi."

"Jioni ngapi?"

"Duol haina likizo, mama."

Niliwaona wale wazee wanavyokaa vizuri kwenye viti, mmoja tayari anaangalia jiko liko wapi. Min Atieno pia aliwaona. Akauliza ya tatu.

"Ya tatu, ibomolewe." Na wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Nikajitetea kama mwizi wa kuku. Nikasema nitoe mlango tu. Jaduong' Okelo akasema nyumba ikitolewa mlango inaitwa nyumba iliyoibiwa mlango. Nikasema niuzibe ule uwazi kwa mawe. Akaniuliza mvua ikinyesha ghafla mtu aliye uani atajikinga wapi. Nikaangalia paa langu, lilivyotokeza vizuri pande zote. Min Atieno akasimama, akasema wamwache alale na hilo neno. Chakula alichowapa siku hiyo kilikuwa uji.

Asubuhi nilifika mapema, nimeshikilia kofia. Nilikuwa nimekesha nikitafuta maneno ya kumshawishi achague duol. Nitasema ukweli: si kwa ajili yake. Nilikuwa nalihurumia lile paa. Nikamwambia, "Mama, Japuonj alisema ajengewe kama ile. Nikibomoa nyumba ya juu, haitakuwa ile tena. Tutakuwa tumevunja neno lake."

Akavuta kigoda chake, akaketi.

"Wewe uliona hiyo gemu. Uliona akiingia ndani?"

"Nani?"

"Japuonj. Hajawahi kuingia. Hiyo mlango sijui kama inafunguka, hakuwahi kujaribu. Alikuwa anapeleka yule mtu wake mpaka kwa ngazi, anamkalisha hapo, anaangalia jua inashuka. Basi. Anaweka hiyo kitu ya kushika chini. Halafu ananiita, 'Min Atieno, njoo tukae.' Mimi nakuja na ungo yangu ya maharagwe, nakaa kwa kitanda. Nilikuwa naona ni upuzi. Tunakaa tu, tunaangalia. Kila jioni mpaka ile siku." Akainuka. "Miguu yake haikuweza kumfikisha hata hapo nje, na tulikuwa tunakaa wawili kwa ngazi ya Koreshi. Mlango ilikuwa yako, jagedo. Yeye alitaka ngazi. Leta nyundo."

Nikaleta nyundo. Sasa sikilizeni adhabu ya fundi mzuri: zege nililolimwagia maji siku saba halikutaka kuvunjika. Nilipiga Jumatano nzima, likatoa cheche. Alhamisi nikakodi nyundo kubwa zaidi na vijana wawili wa Masara waliozoea mwamba. Waliuliza ni mjinga gani alichanganya zege hili kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Nikasema simjui. Jaduong' Okelo aliletewa kiti akatazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa huzuni, kama mtu anayeona kuku wake wote wakiruka ukuta. Ijumaa kabla jua halijashuka na Sabato kuingia, sehemu ya juu ilikuwa imekuwa tambarare, nimeisawazisha, nimeipiga lipu laini. Zikabaki ngazi sita na anga.

Mlango wa chuma upo kwangu. Nimeufunga kwenye banda la kuku na unasema *kach* mpaka leo.

Kwa hiyo, nyinyi mnaoanza, mtu akikuletea picha kwenye simu, akasema anataka kaburi kama la mfalme fulani au la mwanasiasa fulani, msikimbilie kutoa futi. Kaeni naye kwanza. Mwulizeni marehemu aliipendea nini. Mimi nilipima kila kitu kilichokuwa kwenye ile skrini, hata pembe ya paa, na mtu mmoja aliyejua kilichotakiwa alikuwa ananipikia chai. Sikumuuliza.

Jumapili ya ukumbusho watu walijaa. Muuza omena alikuja na nguo yake ya kitenge, akamkumbatia Min Atieno mbele ya lango, makusudi, muda mrefu, ili kila mtu aone, na waliozaa watoto wawili kwa midomo yao wakaangalia viatu. Kwaya ikaimba. Wimbo ulipokwisha, Min Atieno akavua viatu, akapanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili, akaketi, akainyoosha sketi yake. Akaangalia upande wa ziwa. Watu hawakujua kama ni sehemu ya ratiba, wakabaki wamesimama na vikaratasi vyao.

Jaduong' Okelo, ambaye hakupenda kusimama, aliona ngazi ni pana na jua ni kali. Akapanda polepole na bakora yake, akashika kiuno, akaanza kujishusha kwenye nafasi iliyokuwa kando ya mjane.

Min Atieno akaweka kiganja pale juu ya zege.

"Hapana, shemeji," akasema. "Hapo pana mtu."

Na yule mzee, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akavua kofia, akashuka.